Mama Hatembei Bure

Baba alipofariki, sisi watoto tulimpenda mama mpaka tukakaribia kumuua. Wenyewe tuliita kumpumzisha. Dada alimleta binti yake kuchota maji. Kaka akashusha kuni za miezi mingi mlangoni, na jembe la mama akalificha darini. Mimi, niliyekuwa nafundisha Kibondo, nilikuja na kiti cha kuegemea, nikakiweka barazani, nikajiona nimefanya jambo. Mjane wetu hakubakiwa na sababu hata moja ya kutoka nje ya ua.

Basi mama akakaa. Alikaa masika yote. Kwanza aliacha kwenda kanisani, usingizi nao ukamkimbia. Nilipokuja likizo ya Juni nikakuta ameacha hata kulalamikia chumvi kwenye mboga. Hapo niliogopa kwelikweli, maana tangu nijue kupika sikuwahi kupika mboga ikampendeza.

Tukampeleka Kasulu. Daktari alimsikiliza kwa makini, yaani alimsikiliza kaka, kisha akasema huzuni imemlemea, atembee kila siku. Kaka alirudi kijijini kwetu Nyakitonto amenuna, kwani alitarajia sindano.

"Nitembee kwenda wapi?" mama akauliza.

"Popote tu, mama."

"Popote ni kwa nani?"

Swali zuri. Kwetu mtu hutembea na jembe, na kapu, au na habari ya msiba. Kila unayekutana naye atakuuliza unakwenda wapi, wala si umbeya, ndiyo salamu yenyewe, na jibu lazima uwe nalo. Siku ya kwanza nilimshika mkono tukaenda hadi mtoni, tukageuka mikono mitupu. Jua halijazama, majirani wakaja kumpa kaka pole: wamesikia mama yenu kaonekana anakwenda mtoni bila ndoo, kumbe hali imefika huko? Dawa ya kichwa ikawa ndiyo ushahidi wa wazimu. Mama akarudi kwenye kiti.

Kaka akakata shauri. Likizo yangu ikiisha, mama ahamie kwangu Kibondo, kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nilikubali, huku moyoni nikijua kwamba tunakwenda kumzika mzazi wa pili, tofauti ni kwamba huyu atakuwa anakula.

Aliyetuharibia mpango ni mwanamke wa ng'ambo ya bonde, aliyekuja kutoka Burundi miaka mingi nyuma, ambaye amri yetu ya kumpumzisha mama haikuwa imemfikia. Alikuja kuazima ungo, akaongea peke yake kwa wawili, akaaga. Sasa kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake. Usipomsindikiza, umemwambia asirudi tena. Mimi mikono ilikuwa imejaa unga. Mama akainuka. Nilidhani anakwenda kulala, kumbe anafunga khanga. Akatoka naye.

Alirudi giza likianza kuingia, miguu vumbi tupu, akaonja maharage.

"Nyumba hii chumvi imekwisha?" akauliza.

Nikaenda nyuma ya jiko, nikalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo wageni walipata tabu. Mama aliwasindikiza wote, wengine uji ukiwa bado mdomoni. "Naona unataka kuondoka," alimwambia mtu ambaye ndiyo kwanza anavuta kigoda. Mwinjilisti alikuja kumwombea, akajikuta njiani kabla ya amina. Na kwa kuwa wageni nao wana adabu, walimrudisha nusu ya njia, naye akageuka kuwasindikiza upya. Usiku alikoroma. Kaka alichoona ni kwamba kila akija hamkuti, akasema mama sasa anatangatanga, tuwahi.

Siku ya safari mama aliamka mapema, akafunga furushi kubwa. Hakubisha wala hakulia. Tukamshukuru Mungu, tukashika njia ya milima hadi barabara kuu, mama mbele, sisi nyuma tunahema. Kila aliyemuuliza anakwenda wapi alimjibu, "Hapo barabarani." Nikadhani anaona haya kusema Kibondo.

Miaka hiyo malori ya chakula cha wakimbizi yalikuwa hayakatiki, na moja likatusimamia. Nikapanda. Kaka, aliyetaka kumfikisha mwenyewe, akapanda, kisha akamnyooshea mama mkono. Mama akampa furushi.

"Maharage hayo, na unga wa muhogo," akasema. "Mfike salama, baba. Mwambie dereva aende polepole, mdogo wako hutapika."

Lori likaondoka, kaka kakumbatia furushi, mdomo wazi. Nilimtazama mama akipanda kilima kurudi nyumbani. Hakuwa na jembe wala ndoo, na njia nzima hakuna ambaye angemshangaa. Alikuwa anatoka kusindikiza watoto.