Panya walivyolimaliza lori la kijiji chetu wakati wa vita ya Kagera

Wakuu, habari za muda huu.

Jana mwenzetu mmoja humu aliuliza afanye nini na panya wanaotafuna waya za gari na mashine yake ya kukatia nyasi kila akisafiri. Wengi mkamjibu afuge nyoka. Mimi nilishindwa kucheka. Naandika niliyoyaona, na yale machache niliyosimuliwa nitasema ni ya kusimuliwa.

Nimekulia Nyakahura, Biharamulo, katika kijiji cha ujamaa.

Kijiji kilikuwa na lori moja, na dereva wake alikuwa baba yangu. Siku lilipoletwa lilipambwa majani ya migomba, akina mama wakalipigia vigelegele, likaitwa Bibi Harusi.

Mama akawa anataniwa kisimani: "Mke mwenzio ameamkaje?"

"Ameoga kabla yangu," anajibu.

Na kweli liliogeshwa. Baba alikuwa na utaratibu wake. Ndani ya banda la lori hakuruhusu kuwekwa kitu kingine, hata gunzi. Alifagia mwenyewe. Ekzosi aliifunika kwa kopo. Lori likilala muda mrefu, alifunga karibu na injini matambara yenye dizeli, akiyatoa kabla ya kuwasha. Na kila asubuhi, safari iwepo isiwepo, alifungua boneti mwanga uingie. Alisema panya anahamia palipotulia, penye giza na chakula jirani.

Vita ilipoanza, magari yakawa yanachukuliwa kwenda kubeba askari na vyakula. Kila lori lilikwenda na dereva wake. Rafiki wa baba, Fidelis wa Nyamigogo, alipita kwetu na lori la kijiji chao akielekea vitani. Akanywa uji akiwa amesimama, akaondoka.

Mama alikuwa mjamzito. Siku hiyohiyo alimfuata kaka yake, mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Hili alinisimulia mwenyewe nilipokuwa mtu mzima: alimwambia hamzuii mtu kupigania nchi, lakini mume aliye naye ni huyu mmoja tu.

Mjomba akakubali. Lori likaingizwa kwenye ghala la mahindi, likavuliwa magurudumu, likazungushiwa magunia na kufunikwa mabua. Wakubwa wa wilaya walipokuja kulichukua, aliwaambia lori ni bovu, linasubiri vipuri. Wakaamini.

Tangu hapo baba hakuweza kulifikia. Angesogeza magunia, watu wangeuliza. Akawa anakaa nje ya ghala jioni, anasikiliza. Sisi watoto tulisikia pia, vidole vidogo vikikimbia juu ya bati.

Alipolalamika, mjomba alimwambia, "Shemeji, vumilia. Panya hawana bunduki."

Mdogo wangu alizaliwa baba akiwa nyumbani. Hilo nalo naliandika, maana ni kweli.

Vita ikaisha. Magunia yakaondolewa, baba akafungua boneti. Waya zimetafunwa hadi shaba. Mipira ya maji imetobolewa. Ndani ya kiti chake kulikuwa na kiota, watoto wa panya wekundu, hawajafumbua macho.

Vipuri havikupatikana, hali ilikuwa ngumu nchi nzima. Uongo wa mjomba ukawa kweli. Msimu ule mahindi yetu yalifika barabarani kwa vichwa na baiskeli.

Kisha, siku moja ya gulio, lori la Nyamigogo likasimama sokoni kwetu. Baba alilitambua kwa mlio kabla hatujaliona. Akaacha alichokuwa ananunua, akakimbia.

Akashuka kijana tusiyemjua. Akavua kofia.

"Shikamoo mzee. Fidelis hatunaye. Alibaki hukohuko vitani."

Baba alikwenda mbele ya lori. Aliomba afunguliwe boneti. Akatazama muda mrefu, akizigusa waya moja moja. Zote zilikuwa nzima.

Jioni ile mama alimwambia, "Panya wamekula lori, hawakukula wewe. Mimi nashukuru."

Baba akasema, "Fidelis naye alikuwa na mke."

Sikuwasikia wakilizungumza tena. Baba alirudi kwenye jembe, hakushika usukani mpaka anafariki. Ila lile banda la Bibi Harusi, tupu, aliendelea kulifagia.

Kwa uliyeuliza: usiweke gari wala mashine chumba kimoja na pumba, mahindi au chakula cha kuku. Safisha nyasi zilizoganda kwenye mashine kabla ya kuihifadhi. Ziba ekzosi, na ukumbuke kuizibua. Kama husafiri, fungua boneti kila mara. Ukisafiri, mwachie mtu kazi hiyo. Kitu ulichokificha usichoweza kukitazama, hesabu kwamba kina mwenyewe mwingine.

Wenye uzoefu na panya ongezeni hapa chini.

Na kama humu yupo mtoto wa Fidelis, au anayewafahamu, naomba aandike. Baba alitaka kwenda kuwapa pole. Miaka yote hakujua aanzie wapi.