Sauti ya Seni Itangulie

Danieli Kalinga alizaliwa Kilolo, akakulia kwenye mashamba ya mahindi ambayo hakuyapenda hata siku moja, na miaka ya sabini ikamkuta Ilomba, Mbeya, akitengeneza redio kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Alikuwa fundi mzuri na mtu mgumu. Ukimletea redio uliyokwisha kuichokonoa mwenyewe kwa bisibisi, alikusema mpaka ukatamani kuondoka nayo. Hata hivyo watu walimrudia, maana alikuwa na redio-kaseti mbili na waya wa kuziunganisha, na aliweza kuhamisha sauti kutoka kanda moja kwenda nyingine.

Kwa wafugaji waliohamia Usangu kutoka Usukumani, hiyo haikuwa kazi ndogo. Ndugu walikuwa mbali, barua zilichelewa, na wazee wengi hawakujua kusoma. Basi walijaza maneno kwenye kanda, wakampa msafiri. Danieli alikuwa na sharti moja tu: maneno yote yakae kwenye kanda moja, yakiwa yamepangwa.

"Ukituma kanda mbili," alisema, "huko watatanguliza ile iliyo karibu na mkono."

Siku moja akaingia mzee Nkuba, mfugaji wa Usangu, amebeba kanda mbili ndani ya kofia. Seni, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa amekanyagwa na fahali na kulazwa hospitali pale mjini. Mguu ulivunjika, lakini alikuwa anapona. Balaa ni kwamba msafiri mmoja aliyemwona akibebwa kwenye machela alikwenda moja kwa moja Shinyanga kutangaza kuwa Seni amekufa. Mama yake, Nyamizi, akakataa kula. Alipopelekewa barua akasema barua anaweza kuandika yeyote. Alitaka sauti ya mwanawe.

"Hii yangu, hii ya Seni," Nkuba alisema. "Yangu ndiyo inaanza. Mimi ndiye mkubwa."

"Sawa, mzee."

Danieli akahamisha kama alivyoagizwa, kisha akarudisha kanda mwanzo ili aijaribu. Kisukuma hakukijua, lakini sauti ya mtu anayeleta msiba aliijua. Nkuba alikuwa akizungumza polepole, kwa uzito, akikohoa, akinyamaza, akiendelea. Upande mzima ulikaribia kwisha, na Seni bado. Danieli akamfikiria yule mama akisikiliza hivyo hivyo, akiangua kilio kabla mwanawe hajafungua mdomo. Akaisimamisha kanda.

"Mzee, hapa unasema nini?"

"Naeleza. Fahali alivyomwangusha, damu ilivyotoka, tulivyombeba. Jambo halielezwi nusu."

"Na mama mtu angoje yote hayo?"

"Atangoja. Mimi nikipeleka habari, nikiona mtu anaanza kutetemeka, namwambia haraka mtoto mzima."

"Utamwonea wapi, na wewe uko Usangu? Kanda haina macho, mzee! Akitetemeka, yenyewe itaendelea tu na damu yako."

Nkuba akakunja uso. "Lakini mtoto hawezi kusema kabla yangu. Ukoo mzima utanicheka."

Danieli alikaribia kumfukuza. Akameza hasira, akauliza, "Kwenu huko, mkubwa na mtoto wakikutana, nani anaanza kusalimia?"

"Mtoto! Hilo nalo la kuuliza?" Nkuba alijibu kwa kiburi.

"Basi mwache asalimie."

Mzee akakuna kidevu, akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Hapo umenibana, fundi."

Danieli akafuta kazi yote, akaanza upya. Kwanza akachukua maneno ya mwanzo ya Seni, salamu ya Kisukuma kwa mama yake: "Mwangaluka, mayu. Ni mimi, Seni." Akazima. Ndipo akamweka Nkuba na maelezo yake yote, halafu Seni akamalizia. Kanda ikasafiri na Kashindye, mchuuzi wa ng'ombe aliyekuwa akienda Shinyanga.

Tangu hapo Danieli hakukalika. Je, kanda ikiliwa na mashine? Je, mama akiwa amekwisha kuzidiwa na njaa? Wateja wake walikiona cha moto bila kosa.

Mvua zilikuwa zimeanza Nkuba aliporudi, safari hii akiwa na Seni mwenyewe kwenye magongo, na kanda ya majibu. Danieli akaiweka kwenye redio. Ikasikika sauti ya mwanamke mzee: "Mwangaluka, Seni." Halafu vigelegele, kilio na kicheko, vyote kwa pamoja. Seni akainama, akajifunika uso.

"Anasema nini sasa?" Danieli aliuliza.

Nkuba akasikiliza, uso ukamshuka. "Anasema aliposikia ile salamu tu, akawaamrisha wazime redio wamletee ugali. Akala."

"Na maneno yako?"

"Anasema hajayasikia bado. Nisikasirike. Atayasikiliza akishashiba."

Danieli akashusha pumzi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Seni akaomba kanda irudishwe mwanzo, na Nkuba, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyenyoosha kidole kubonyeza.