Neti ya Kitanda cha Juu

Nakumbuka vizuri Jumamosi ile niliyomaliza kitanda cha watoto wangu, maana tangu hapo sijajisifu tena kwa kazi ya mikono yangu. Mwanangu, mimi ni fundi wa mbao hapa Nyalenda. Vitanda nilivyotengeneza nikiwa kijana viko mpaka leo katika nyumba za watu kule Migosi, havijalegea hata mguu mmoja. Kama unataka kuwanunulia wanao kitanda, kaa hapo kwenye benchi kwanza. Sitakuuzia kitu kabla hujanisikiliza.

Nilikuwa na watoto wawili, Akinyi wa miaka tisa na Otieno wa miaka sita. Walilala godoro moja chini ya neti moja, katika chumba chetu cha pili. Mama yao akaanza kunisukuma, akasema msichana anakua, si vizuri aendelee kulala na ndugu yake, atafutiwe mahali pake. Hapo alisema kweli kabisa. Lakini chumba kilikuwa kidogo, na vitanda viwili visingeacha hata pa kuweka mguu, basi nikaamua kwenda juu, kitanda kimoja juu ya kingine. Nikachagua mbao za saiprasi zilizokauka, nikapiga randa, nikapiga msasa mpaka ukipitisha kiganja huhisi kitu. Kilipokamilika kile kitanda cha ghorofa niliwaita majirani waje waone, tena wale wasiotaka kuja niliwaita mara mbili.

Watoto wakagombania juu. Akinyi alikuwa ametoka kushika nambari mbili darasani, kwa hiyo nikampa juu kama zawadi. Alinikumbatia kiunoni, akapanda ngazi mbiombio, na Otieno akalia mpaka chakula kikapoa. Nilicheka. Niliona nimewafunza watoto wangu faida ya kusoma kwa bidii.

Kasoro ilijitokeza wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nimetafuta neti ya pili, nikaifunga kwenye boriti juu ya Akinyi, lakini mabati yalikuwa karibu mno. Neti ilimwangukia usoni. Alilalamika joto, akawa anaisukuma kando akiwa usingizini. Fundi yeyote anajua dawa yake, unakata miguu ya kitanda na kukishusha, kazi ya nusu saa. Mimi sikutaka. Ningekata vipi kitu ambacho mtaa mzima ulikuwa umekisifu? Nikaifungua neti, nikasema nitatafuta njia nyingine.

Njia niliyoitafuta ndiyo hii. Mvua zilikuwa zimeanza, na wadudu wa mvua unawajua, walikuwa wakitua kwenye vanishi mbichi na kugandia humo. Nilikuwa na kitanda kikubwa cha mteja wa Migosi, mtu wa kukagua kila kona. Nikaichukua neti ya Akinyi nikakifunika kitanda cha mteja. Kikatoka safi, na cha pili, na cha tatu. Neti ikawa ya karakana.

Mama yangu akaja kutoka Katito kunisalimia, akapitia kazini kwangu kabla ya kwenda nyumbani kuona wajukuu. Hakukaa hata kidogo. Alishika ile neti kwa vidole viwili.

"Okoth, hii si ya watoto?"

"Ni yao, Mama. Lakini kwa kazi inanisaidia sana."

"Na mtoto wa juu anafunikwa na nini?"

"Mama, mbu haiwezi panda huko. Mabati inachoma, inaogopa joto."

Akaiachia neti, akanitazama. Nilikuwa baba wa watu wawili, lakini nilihisi kama nimesimamishwa mbele ya darasa.

"Wewe unafunika mbao," akasema, "halafu unaacha mtu wazi."

Nilimwitikia ndiyo Mama, nimesikia, kesho nitairudisha. Kesho yake kulikuwa na kabati la kupaka vanishi. Kesho kutwa pia.

Shule zilikuwa zimefunguliwa Akinyi alipoanza kuumwa kichwa. Nikamnunulia dawa dukani, nikamwambia ni uchovu wa masomo. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu, mchana, mama yake alinipigia ukelele kutoka nyumbani, nikakimbia na randa mkononi, nikamkuta mtoto amekakamaa, macho yamegeuka. Tulimbeba hospitali. Daktari alisema malaria imempanda kichwani, tena tumechelewa.

Kisha akaniuliza, "Baba, huyu mtoto hulala kwa neti?"

"Ndiyo, daktari. Kila siku."

Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu. Aliniangalia, akainamisha kichwa. Uongo ule hakuutaja hata mara moja mpaka alipokufa nikamzika, na ukimya ule ulinitafuna kuliko matusi yote ambayo angeweza kunitukana. Usifikiri mtu huzoea.

Akinyi hakufa. Watu walikuja kutupongeza, wakaimba, wakaomba. Lakini mtoto tuliyemtoa hospitali hakuwa yule tuliyempeleka. Maneno yalikuwa yamemtoka, mkono mmoja haukumtii, na kifafa kikamwingia. Leo ana zaidi ya miaka thelathini. Mimi ndiye ninayemwosha uso. Wenzangu wa kanisani huniambia Mungu alishanisamehe zamani, na labda ni kweli, lakini msamaha huo haumwezeshi Akinyi kufunga kifungo cha gauni lake. Otieno ana jamii yake Nairobi, na ameniambia waziwazi kwamba mke wake hawezi kukaa na Akinyi. Siwezi kumlaumu. Nikifa, sijui nani atamfungulia mlango asubuhi. Nimelitafuta jibu miaka yote hii, na nakuambia ukweli, sijalipata, na nguvu za kulitafuta zinaniisha.

Basi, mwanangu, ukitaka kitanda cha ghorofa, njoo na neti mbili mkononi, nitazipima kabla ya kugusa mbao. Nenda ulale mwenyewe pale juu, saa nzima, uone mabati yako umbali gani na neti inagusa wapi. Ikigusa uso, kitanda kishuke, hata kama kitakuwa kibaya machoni. Usimgawie mtoto mahali pa kulala kama tuzo, maana aliyepewa tuzo halalamiki mara ya pili, huogopa kunyang'anywa. Na mzazi wako akikuonyesha kosa, lirekebishe akiwa bado amesimama hapo. Kesho usiiamini.

Mimi nimetengenezea mji huu vitanda, na binti yangu hulala sakafuni, kwa sababu kifafa kikimkamata juu ya kitanda ataanguka. Hakuna kitanda ninachoweza kumtengenezea.

Nenda na amani, mwanangu. Mungu akuamshie wanao wote kila asubuhi, wakiwa vilevile ulivyowalaza jioni.