Saruji Tuliyoizika Mtoni

Uvumilivu wangu ulikatika pale daktari mgeni aliponambia, kwa furaha kabisa, kuwa mfupa wa mwanangu unaendelea vizuri.

"Mguu wake, unakusudia," nikamsahihisha. Kiswahili alijifunza kwao, na mara nyingine kikimponyoka.

"Hapana, mama. Mfupa. Kile kipande tulichokitoa. Seli zake zimeota vizuri sana kule maabara kwetu."

Mwanangu alikuwa kakaa juu ya kitanda cha kupimia, miguu inaning'inia, anamung'unya ubuyu. "Kipande hicho mimi nshakizika," nikasema.

Nesi aliyekuwa karibu na mlango akainamia ndoo ya bandeji kama kwamba kaangusha kitu ndani yake.

Kwetu sisi kitu kilichotoka kwenye mwili wa mtu hakitupwi. Jino hufukiwa, sembuse mfupa. Muundi wa mwanangu ulikuwa umeliwa na usaha mpaka ukafanya pango. Wakakata sehemu iliyoharibika na kipande kidogo cha mfupa mzima pembeni yake, wakalijaza pango kwa unga wa madini uliokorogwa ukawa kama saruji. Hilo nililijua na nilitia saini. Siku hiyo hiyo nilimpa nesi kitambaa cha bafta, nikamwambia mfupa utakaotoka anifungie humo. Akanifungia. Mkwe wangu, mama yake mume wangu, akakataza kufungua, mambo ya hospitali si ya kuchungulia. Tukaenda nao mtaa wa Mtoni, kwenye kiwanja alichoachiwa mkwe na marehemu mumewe. Mume wangu akachimba, mimi nikanyunyiza maji ya mawaridi, mkwe akasoma dua.

"Ulinifungia nini?" nikamwuliza nesi.

"Bi mdogo, usinitie makosani. Niliambiwa mfupa usiguswe, unasafiri. Na wewe umesimama mlangoni unalia, bafta mkononi. Nikachukua ile saruji iliyobaki kwenye bakuli, ishakauka. Nilikuonea huruma."

"Huruma! Umetusomesha dua juu ya saruji!"

Mwanangu akacheka mpaka ubuyu ukamtoka mdomoni. Mimi nikapiga kelele mpaka wagonjwa wakajaa mlangoni.

Daktari akataka kunituliza kwa elimu, hajui kuwa baiolojia nimeisoma mpaka kidato cha nne. Akaeleza: wana saruji za aina mbalimbali, wanazimwaga kwenye visahani, juu yake wanaweka seli za mfupa, waangalie ni ipi seli zinaishikilia na kuzaana, na ipi zinakufa. Kazi nzuri. Sikatai, watoto wenye mapango miguuni si mmoja. Lakini nilikuwa na suala.

"Hii iliyomo mguuni mwa mwanangu, mliijaribu kwenye visahani kabla hamjamtia?"

"Aina ya zamani ilijaribiwa, mama. Hii tumeibadilisha kidogo."

"Na hii mliyoibadilisha?"

"Tunaijaribu sasa."

"Kwa seli zake yeye."

"Ndiyo."

Yaani mtoto kwanza, kisahani baadaye! Mimi nikibadilisha unga wa maandazi nakaanga moja, nalionja mwenyewe, ndipo niwape watu. Tena hayo ni maandazi.

Nyumbani mkwe wangu alinikalisha kitako. "Mwanangu, mtoto anakwenda, anacheza mpira mtaani Mlandege na wenzake. Unataka nini tena? Ukiwaudhi madaktari, nani atamtazama mguu ukimrudia?"

"Nnataka kujua alichonacho mguuni, mama. Basi."

"Na ukishajua utakitoa kwa kijiko?"

Mkwe hakuwa mjinga. Hofu yake ndiyo ilikuwa yangu. Kila mtoto akichechemea, hata kwa mchezo, nilimkamata nikamminya muundi mpaka akawa ananikimbia. Nikimuona ananikimbia ndiyo hasira inapanda upya: mtoto kanikimbia mimi, si wao.

Asubuhi iliyofuata nikajifunga buibui nikaenda ofisi ya hospitali. Karani akanipa karatasi na ushauri juu yake.

"Bi, andika ombi la maelezo. Malalamiko yanafika mbali."

"Na yafike. Huko mbali ndiko ulikokwenda mfupa."

Nikaandika pale pale, nimeegemea dirisha lake:

"Mimi ni mama wa mtoto aliyepasuliwa muundi hospitalini hapa, na nnalalamika. Nilikubali mwanangu atibiwe, sikukubali ajaribiwe. Mfupa wake umechukuliwa bila ya ruhusa yangu, na mimi nikapewa saruji nikaizika. Nnataka niambiwe kwa maandishi: seli zake zimeikubali saruji iliyomo mguuni mwake, au zimekufa? Jibu hilo nipewe mara litakapojulikana, si mpaka wamalize utafiti wao. Ikiwa zimekufa, waliomtia saruji hiyo ndio waitoe, na wamtibu mpaka apone. Na mfupa wake urudishwe. Safari hii nitafungua nitazame. Naambatanisha kitambaa."

Nikaikunja bafta mpya niliyokuja nayo juu ya karatasi, nikamsukumia karani, nikasimama pale mpaka akagonga muhuri.