Maneno Niliyomtilia Mungu Kinywani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau, lakini kichwa changu hutunza aibu vizuri kuliko kinavyotunza funguo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani Nuu, na sijatoka mpaka leo. Mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi kwa zamu, siku hiyo kilikuwa kwa Mama Kyalo, kuchambua ndengu. Mimi nilisamehewa kazi ili niwasomee wenzangu riwaya kwa sauti. Ilikuwa habari ya mama aliyefiwa na mwanawe, ambaye, akichimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, alikutana na Mungu. Nilivyochukia kuinama, ningesoma hata gunia la mbolea.

Sasa, Mama Kyalo mwenyewe alikuwa amemzika Kyalo, mtoto wake wa pekee, kabla ya mvua. Yule mama wa kitabuni alipomuuliza Mungu, "Mwanangu yuko wapi?" Mama Kyalo aliweka ungo chini. Nikatazama mstari uliofuata. Mungu hakujibu. Alipiga magoti tu, akachimba naye.

Nikaona mwandishi amezembea. Akili nyingi huondoa maarifa, na mimi nilikuwa na cheti. Nikasoma kana kwamba imeandikwa: "Yuko kwangu, usilie, kila jambo lina sababu."

"Amina!" akasema Mama Ndinda, jirani yetu.

"Kwangu mimi, huyo Mungu angekuja na mvua," akasema mwingine. "Maneno tunayo."

Wakacheka. Mama Kyalo hakucheka. Akaomba kitabu aende nacho. Nikampa shingo upande, maana njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na kurasa mia mbili tu.

Kesho yake alifika kwetu, kidole kikiwa katikati ya kitabu.

"Kalekye, yale maneno yako wapi hapa?"

"Mama, nilitaka kukufariji."

"Hayo ya sababu niliambiwa matangani na kila aliyekunywa chai yangu. Huyu aliyenyamaza akachimba ndiye nilikuwa namngoja. Wewe ukamfukuza." Akaketi. "Umesoma sana, eti? Haya, soma vile iko."

Nikasoma vile iko. Akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Nilitamani kuongeza neno, si unanijua, lakini nilinyamaza. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya vizuri wiki hiyo.

Basi, mwanangu, mtu akikwambia kitabu kimemkutanisha na Mungu, usimrekebishie huyo Mungu. Palipoandikwa kimya, soma kimya. Na ukienda matangani ukose la kusema, chukua mtungi uteke maji, wafiwa watakuelewa. Mola akupe masikio mapema, akupunguzie ulimi ungali kijana. Kwangu alichelewa kidogo, kama unavyosikia.