Gauni Lililopimwa kwa Shangazi

Kwa miaka kumi na mmoja, kazi ya Mama Vibanio ilikuwa kusimama nyuma ya migongo ya watu. Karakana yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka lao wenyewe: chini nguo zinauzwa, juu zinashonwa, na kwenye kona yenye dirisha kubwa zinapigwa picha za matangazo. Mwanamitindo akishavaa, Mama Vibanio alizunguka nyuma yake, vibanio vya nguo vimejipanga mdomoni, akakusanya kitambaa kilichozidi, akabana, akabana tena, mpaka mbele nguo ikakaa kama imezaliwa na mvaaji. Mbele malkia, nyuma kamba ya kuanikia. Ukimsalimu wakati huo, alikujibu kwa nyusi.

Mwenyewe alikuwa mwanamke wa mwili, tena hasa, na hakuuonea haya mradi mtu asiuelekezee kamera. "Mimi nikikaa, nimekaa," alikuwa akisema, na kiti kikaitikia. Lakini kwenye picha zote zilizotundikwa sebuleni kwake hayumo. Kwenye ile ya mwanawe wa kwanza alipomaliza shule kuna bega moja la bluu, nusu nje ya picha, karibu na mlango. Hilo bega ni lake.

Sasa, nguo za saizi kubwa zilikuwa na utaratibu wake. Mwanamitindo wa karakana alikuwa mmoja tu, msichana mpole mwenye shingo ndefu waliyemwita Twiga, na Twiga alikuwa mwembamba wa kupita kwenye mlango uliofungwa. Ikija zamu ya gauni kubwa, alivalishwa kwanza fulana nene ya sponji, yenye kifua, tumbo, nyonga na kila kitu, ambayo Mama Vibanio aliishona kwa mkono wake. Ikitundikwa msumarini ilikuwa kama mtu anayengoja kuitwa, basi wakaibatiza Shangazi. "Mleteni Shangazi!" mpiga picha alipaza sauti, na karakana nzima ikacheka. Na Mama Vibanio alicheka kuliko wote, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumuuliza kama utani ule unamuuma.

Kukaja gauni moja la kijani, la saizi kubwa; hilo alilikata yeye, kwa mwili wake mwenyewe, akajipima mbele ya kioo cha bafuni kwa tepu na penseli. Siku ya picha likagoma. Shangazi hakuwa na mikono. Mikono iliyotokeza pale ilikuwa ya Twiga, myembamba kama fimbo, na kitambaa kikaning'inia kwapani kama shavu la mzee. Kwapani huwezi kuweka kibanio, kitaonekana. Mpiga picha akanuna. Mama Vibanio akafumua kwapa, akapunguza, akabana mikono, gauni likakaa vizuri ajabu. Picha ikatoka safi, imekatwa shingoni kama kawaida, na jioni ile ile karatasi za kukatia nazo zikapunguzwa, ili mteja apate kile kile alichokiona kwenye tangazo. Aliyezipunguza ni yeye. Alidhani anatenda haki.

Wiki ya tatu tangu gauni liingie dukani, mama mmoja alipanda ngazi akihema, mfuko mkononi. Alikuwa na umbo kama la Mama Vibanio, pengine kilo mbili tatu juu.

"Hodi humu. Nimeambiwa chini kwamba mafundi wako huku."

"Karibu, dada," fundi mmoja akaitikia.

Yule mama akalitoa gauni la kijani mfukoni. "Harusi ya binti yangu ni mwisho wa mwezi. Mimi ndiye wa kumfunga shela. Nikavaa hili, nikainua mikono nijaribu, haikufika hata masikioni. Kwapa zinanikata! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema utakuwa umekinunua."

Wachache wakacheka. Yeye hakucheka.

"Sikuja kugombana. Aliyevaa kwenye picha limemkaa vizuri, na yeye ni mnene kama mimi. Niitieni huyo. Nataka anionyeshe alivyovaa."

Mama Vibanio akasogea polepole akasimama mbele ya msumari wa Shangazi, lakini Twiga, ambaye hakufundishwa kudanganya, alikwisha kuinuka kitini. "Ni mimi, mama," akasema.

Yule mama akamwangalia kuanzia shingoni hadi visiginoni. Kisha akaona sponji ikichungulia begani kwa Mama Vibanio. Akaielewa mara moja. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kama chumba.

"Kumbe," akasema. Akaketi kwenye kigoda. "Nilijifungia chumbani siku mbili, mwenzangu. Nikasema gauni halina kosa, mbona mwenzangu limemkaa? Mwili wangu ndio umeharibika. Nikaacha kula ili niutie adabu." Akacheka kidogo, cheko baya. "Kumbe nilikuwa nashindana na godoro."

Akaliacha gauni kigodani, akashuka. Mama Vibanio alitaka kumfuata amwambie neno, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa vibanio, na alipomaliza kuvitema ngazi zilikuwa kimya. Aibu ilimshika mpaka shingo ikamwasha. Mikono iliyopunguza zile kwapa alikuwa nayo pale, imening'inia tu, na yeye alijua fika mwanamke mnene anavyolia mbele ya kioo, maana alikwisha lia hivyo mara nyingi.

Madamu, mwenye karakana, aliitisha kikao asubuhi yake. Alikuwa mama mkavu wa maneno, si mbaya, ila alipenda mambo yaishe haraka. Magauni ya kijani kumi na manne yalikuwa yamerudishwa.

"Saizi kubwa tunaziacha kabisa," akasema. "Hiyo picha itolewe dirishani. Tufunike kombe mwanaharamu apite."

"Madamu," Mama Vibanio akasema, "gauni halikuwa na kosa. Kosa nimelitia mimi. Nililipunguza lifuate sponji, na sponji haina mikono, haiketi, haipumui. Karatasi ya kwanza ya kukatia ninayo nyumbani."

"Na nani atalivaa tulipige picha upya? Shangazi huyo huyo?"

Mficha uchi hazai, akajiambia. "Mimi."

Mtu akakohoa nyuma. Madamu akavua miwani akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, na pengine ilikuwa kweli, maana kwa miaka yote ile kila alipokuwapo, mbele yake kulikuwa na mgongo wa mtu mwingine.

"Utayakata upya hayo kumi na manne," Madamu akasema mwishowe. "Yakirudi tena, saizi kubwa imekufa humu ndani, na aliyeitetea atafute karakana nyingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kwapa zikafumuliwa na kutiwa vipande vya kitambaa, mikono ikakatwa mipya. Siku ya picha akajikaza kisabuni. Akavaa nyuma ya pazia, akatoka, akasimama pale penye mwanga kama mtu wa picha ya kitambulisho. Twiga ndiye aliyeshika vibanio siku hiyo. Akazunguka nyuma, akapapasa kiunoni, akapapasa mabegani.

"Mama, hakuna pa kubana," akasema, amepotea kabisa.

"Tafuta vizuri, mwanangu."

"Nimetafuta. Limekaa."

Mpiga picha akapiga moja, akapiga kumi, zote mbaya: uso mgumu, mabega masikioni. "Mama Vibanio, unaninunia mimi au kamera?" Yeye hakusikia. Alikuwa na hakika kuna kitu kimeachia nyuma. Haiwezekani nguo ikae mbele bila siri mgongoni. Mkono wake wa kulia, uliokwisha zoea, ukaenda nyuma wenyewe kutafuta kibanio. Ukapapasa. Ukakuta kitambaa kimelala, na chini yake mgongo wake mwenyewe, wenye joto, basi. Akaangua kicheko, kile kikubwa cha kiti kuitikia, na mpiga picha akabonyeza.

Madamu aliitazama ile picha muda mrefu. "Huo mkono wa nyuma unaficha nini?"

"Hauna cha kuficha," Mama Vibanio akajibu.

Ikatundikwa dirishani, kubwa, na siku nne za kwanza hakuna gauni hata moja la kijani lililouzwa. Watu walisimama nje, wakatazama, wakaenda zao. Siku ya tano Madamu alianza kuuliza habari za picha ya kuweka badala yake. Mama Vibanio hakulala vizuri, na kazini alipanga vibanio vyake kwenye kikopo kana kwamba anafunga mizigo.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, muuzaji wa chini alimwita ashuke kupima pindo la mteja. Akashuka na vibanio vyake mdomoni. Mbele ya kioo, mgongo ukimwelekea, alisimama mwanamke ndani ya gauni la kijani, mikono yote miwili ameinyoosha juu, vidole vikifungafunga kitu hewani, kitu chepesi, kama anazunguka kichwa cha mtu mfupi kuliko yeye. Akafunga, akafungua, akafunga tena. Kwapa hazikulalamika. Kisha mkono mmoja ukashuka ukaenda mgongoni, ukapapasa kutoka juu hadi kiunoni, ukatafuta na usipate kitu.

"Niitieni aliyevaa kwenye picha," yule mama akasema bila kugeuka. "Na safari hii msinidanganye."

Mama Vibanio akavitema vibanio kiganjani, vyote, akazunguka kutoka nyuma, akasimama mbele yake.

"Ni mimi, dada."

Yule mama akamtazama usoni, mabegani, tumboni, akarudi usoni. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyafuta. "Mbona ulichelewa hivi?" akamuuliza.

Mama Vibanio akamshika mikono.