Yaya wa Sesheni ya Pili

Sauti ninayoitamani kuliko zote ni ya yaya, yaani kaka mkubwa, akiniamuru nisimame. Hakuwa kaka yangu wa damu. Alikuwa asistanti, mhadhiri msaidizi wa kemia chuoni kwetu, mjini Likasi, na sisi tulioanguka sesheni ya kwanza ya mitihani tulimwita yaya kwa sababu alitukusanya kwao, mtaa wa Kikula, kila alasiri, bila kuombwa na mtu.

Mimi nilianguka kwa aibu. Nilikuwa nimekariri silabasi nzima, yale maandishi ya somo kwa Kifaransa, na kwenye mtihani wa mdomo mbele ya profesa nikatiririka: "kama mchoro huu unavyoonyesha..." Akauliza, mchoro gani? Nami nikaendelea tu! Mama yangu, wenzangu walivyocheka. Baba akasema nikianguka tena, masomo basi, niende kuuza mikate sokoni. Na mie nilitaka kusoma, jamani, mpaka moyo uliuma.

Sharti la yaya lilikuwa moja: asiyeelewa ndiye anayefundisha, tena kwa Kiswahili cha nyumbani. Wengine wanajifanya watoto, wanauliza "Juu ya nini?", yaani kwa nini, bila huruma. Zamu yangu ilikuwa kueleza jinsi umeme unavyoitoa shaba majini ikashika kwenye bamba.

"Silabasi inasema..."

"Silabasi inalala ku nyumba. Weye unasema nini?"

Nilimchukia, kweli. Kisha nikaanza kubabaisha, wakaniuliza, nikajibu, wakaniuliza tena, na katikati ya maneno nikagundua kwamba naelewa. Nililia mbele ya wote.

Halafu mji ukachafuka. Wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaambiwa hapa si kwao. Yaya alizaliwa hapahapa, lakini babu yake alitoka kule, basi akafukuzwa pamoja na mama yake, wakawa wanalala stesheni wakingoja treni. Tukamfuata. Akatusimamisha kati ya magodoro na sufuria, na waliokuwa wakingoja naye wakatuuliza maswali. Baba alinikataza kwenda. Nilikwenda.

Sesheni ya pili nilijibu kwa Kifaransa changu kibovu, ila maneno yalikuwa yangu. Nikafaulu. Nikakimbia moja kwa moja mpaka stesheni. Treni ilikuwa imewachukua asubuhi.

Mama mmoja aliyekosa nafasi, amekalia mabunda yake, aliniuliza namtafuta nani.

"Nimefaulu," nikamwambia.

"Aksanti Mungu. Na yeye anajua?"

Hajui, mama. Hajui mpaka leo.